Karatasi Isiyo na Juu

"Hiyo karatasi yako," mama alisema, pini tatu zimebanwa midomoni, "mbona umeibandika kichwa chini?"

Fidla, binti aliyeitwa kwa jina la chombo anachopiga, alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya chumba cha kushonea, mikono ameinyoosha pembeni, gauni la zambarau limemkaa mwilini nusu limeshonwa, nusu limeshikizwa. Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi kamili alitakiwa awe jukwaani na fidla yake begani. Hakuwa na muda wa mizaha.

"Haina kichwa wala miguu, mama. Ni muziki."

"Muziki?" Mama akachomeka pini moja kwenye pindo. "Mimi naona mistari."

Na kweli ilikuwa mistari. Karatasi ilikuwa pana kama mlango wa kabati, imebandikwa ukutani kando ya kioo ili mwenyewe aikariri huku akipimwa. Haikuwa na noti hata moja. Mtunzi wa kundi lao la muziki hakuandika noti. Yeye alichora. Mstari ukipanda, sauti inapanda. Ukinenepa, sauti inakuwa nzito. Nukta ni kudonoa uzi kwa kidole, na penye weupe mpigaji ananyamaza kadiri moyo wake utakavyomwambia. Mengine yote alimwachia mpigaji ayasome mwenyewe. Wenzake wa kundi walimtania kwamba ni mvivu tu, nusu ya kazi anawasukumia wao, naye hutabasamu na kuendelea kuchora. Maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kikabaki.

Lakini macho yake, jamani! Miaka miwili Fidla alikuwa akiyasoma macho yale kuliko karatasi yoyote. Alijua yakilegea ana furaha, alijua yakikimbilia dirishani ana jambo. Alipompigia mchoro wake wa kwanza, yule bwana alimtazama mpaka yeye akaudondosha upinde sakafuni. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Karatasi hii ya sasa aliikuta wiki tatu nyuma juu ya kiti chake cha mazoezi, imekunjwa mviringo na kufungwa kwa uzi. Kwa nyuma iliandikwa, *Kwa Fidla, apige peke yake.* Hakumuuliza neno, kwa sababu kundi lao lilikuwa na mwiko mmoja ambao hata mgeni alitajiwa siku ya kwanza: karatasi ikishatoka mkononi mwa Mtunzi, hakuna kumuuliza kitu wala yeye kusema kitu, mpaka ipigwe mbele ya watu. Mara nyingine mpigaji na Mtunzi hawakuonana kabisa siku hizo. Kwa hiyo alipotoweka kwenye mazoezi, Fidla alicheka moyoni. Alijua anaona haya.

Maana karatasi yenyewe ilikuwa wazi kama mchana. Mistari miwili, mwekundu na mweusi. Mwekundu ulianza chini kabisa pembeni kushoto, mwembamba, ukapanda taratibu. Mweusi ulianza juu, tena umechelewa, baada ya weupe mrefu. Ni yeye hasa huyo, Fidla alijiambia, kuchelewa kuanza ndiyo tabia yake. Kisha mistari ikasogeleana, ikapita kwenye vinukta na viduara, mpaka mwisho kulia ikalala ubavu kwa ubavu, mstari mmoja mnene wenye wino uliokolea. Hata mtoto angesoma. Mtunzi alikuwa anamposa.

Alikuwa amekwisha kumwambia shangazi yake. Na shangazi akishaambiwa, umeambiwa ukoo mzima. Alikuwa amekwisha kujizoeza mbele ya kioo hicho hicho namna atakavyosema "ndiyo" baada ya sauti ya mwisho: ndiyo ya kucheka, ndiyo ya kunong'ona, ndiyo ya kujifanya anafikiri kwanza.

"Mama, pindo. Muda unakwenda."

Mama hakuinama. Alizitoa pini mdomoni akazichoma kwenye kola yake, akaenda ukutani na miwani yake imeshuka puani. Akaweka kidole kwenye ule mwisho mnene.

"Hapa pana donge la wino. Unaliona?"

"Naliona. Ndiyo kilele chake hicho. Napiga kwa nguvu zote."

"Kilele gani! Kalamu inapotua ndipo inapoacha donge. Halafu mstari unakwenda, unakwenda, unakonda, mkono unanyanyuka, unabaki mkia." Kidole kikateleza polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kikiifuata mistari ikiachana. "Mkia huu hapa. Na huu wa pili. Miaka thelathini nimeshika chaki ya kuchorea vitambaa, mwanangu. Mstari unapoanzia na unapoishia siwezi kukosea hata gizani."

Akabandua karatasi, akaigeuza juu chini, akaibandika tena.

Fidla akatazama. Alihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta si chake. Mistari iliyokuwa ikienda kukutana sasa ilianza pamoja, minene, imegandana, upande wa kushoto. Kisha ikaachana. Mwekundu ukapanda, ukapanda, ukatoka nje kabisa ya ukingo wa juu. Mweusi ukashuka, ukakonda, ukakatika kabla ya mwisho wa karatasi. Kilichobaki kilikuwa weupe.

"Sivyo," alisema.

"Mwanangu…"

"Sivyo! Haina juu. Hajawahi kuandika juu ni wapi. Kila mara anakupa mkononi, unaipokea ilivyo…" Hii hakupewa mkononi. Hii aliikuta imekunjwa, akaikunjua mwenyewe, na upande uliotangulia kufunguka ndio alioufanya mwanzo. Wiki tatu! Wiki tatu amepiga kila asubuhi kwa furaha barua ya kuachwa, tena ameianzia mwishoni.

Akashuka kwenye kigoda akakaa juu ya vipande vya vitambaa, pini zikamchoma, asijali.

Mama alikuwa amesimama pale pale, kiganja kimefunika mdomo. Fidla alingoja asikie lile neno la siku zote, kwamba nilikwambia, huyo mchora makelele hafai. Halikuja. Badala yake mama alisema kwa sauti ndogo, kama anaongea na ukuta:

"Kumbe ndivyo alivyochagua."

Fidla akainua uso polepole.

"Alichagua nini?"

"Hakuna. Simama nimalizie pindo."

"Mama. Alichagua nini, na wewe umejuaje kwamba alikuwa na cha kuchagua?"

Mama alivuta kiti cha cherehani, akakaa. Alionekana ghafla mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilimfuata," alisema. "Mwezi uliopita, pale ukumbini. Wewe ulikuwa umekwenda kununua nyuzi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, mimi binti yangu simpi mtu wa kukisiwa. Kama unamtaka, mwambie kwa mdomo wako, maneno, kama watu. Si kalamu. Na kama huwezi, mwachie aende zake. Nikampa wiki moja."

"Wiki moja!" Fidla alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka. "Ulimpa mtu mzima wiki moja, kama gauni la harusi? Na yeye akajibu nini?"

"Ajibu, yule? Alitikisa kichwa. Nikarudi nyumbani nakisia amekubali lipi."

Kama isingekuwa siku ile, wangecheka wote wawili. Fidla alinyanyuka, gauni likavutika, uzi ukakatika mahali.

"Mama, umeniua. Umeniua ukiwa na pini mdomoni, na kila siku unanipikia, unaniuliza mazoezi yanakwendaje!"

"Nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka yote! Hafai, hasemi, anachora, hafai. Umefurahi sasa?"

"Nimekwambia nisikilize!" Mama alipiga meza ya cherehani kwa kiganja, mkasi ukaruka. Hakuwahi kupiga meza. "Unajua baba yako alinitamkia kwamba ananipenda mara ngapi? Hata moja. Miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Lakini nilikisia. Akinyanyua kikombe hivi, nakisia amefurahi. Akiweka viatu vile, nakisia amekasirika. Nikawa bingwa. Halafu akaanza kushika ubavu." Akashika wake, upande wa kushoto, bila kujua. "Nikakisia amechoka. Mwezi mzima nakisia amechoka, namwekea mto. Siku nilipokisia sawasawa, daktari alinitazama akaniuliza, mama, mlikuwa wapi siku zote? Nikasema, tulikuwa nyumbani. Tulikuwa wote nyumbani."

Habari ya mto Fidla aliijua. Ya ubavu hakuijua. Aliambiwa baba alikufa ghafla.

"Sikutaka usome mtu maisha yako yote," mama alisema. "Unaweza kusoma vizuri sana. Halafu siku moja ukashika karatasi juu chini."

Fidla alibandua karatasi ukutani, akaikunja, akachukua boksi la fidla. Alitoka na gauni lake la kushikizwa, pini zinameremeta kwenye pindo, mama akimwita nyuma, "Utajichoma! We mtoto, utajichoma!"

*

Ukumbi wa kundi lao ulikuwa zamani ghala la karatasi, na bado ulinuka karatasi. Fidla aliingia kwa mlango wa nyuma akakuta mpiga piano, bwana mnene mwenye kucheka kwa urahisi, anafuta vumbi kinanda chake.

"Bibi harusi huyo!" alisema, maana habari za shangazi zilikuwa zimefika hata hapo. Kisha akauona uso wake, kicheko kikamwishia. "Kuna nini?"

"Yuko wapi?"

"Chumba cha viti. Lakini mwache kidogo, anafunga mizigo yake. Si unajua gari lake la saa moja…" Kitambaa cha kufutia kikasimama. "Hukuambiwa?"

"Gari gani?"

Mpiga piano akaanza kufuta mahali palipokwisha kufutika. "Amepata kazi ya kufundisha. Mbali. Mimi nilidhani… Shangazi yako alisema mnaoana, nikadhani mnakwenda wote."

Siku ile Fidla alidhani ameshapigwa mapigo yote. Kumbe lilikuwa limebaki hili. Alisukuma mlango wa chumba cha viti.

Mtunzi alikuwa amechuchumaa juu ya begi la kijivu, anahangaika na zipu. Alipomwona akasimama, mikono ikamning'inia. Macho yake yalimwendea usoni, yakashuka kwenye pindo lenye pini, yakakimbilia dirishani. Lo, hata wakati huo moyo ulimruka kwa kumwona tu, na alijichukia kwa hilo.

"Mimi nimeisoma juu chini," alisema. "Wiki tatu. Nilidhani unanioa."

Rangi ilimtoka Mtunzi usoni. Mdomo ukafunguka. Ukafungwa.

"Ni ya kuagana?"

Mtunzi aliinamia begi lake.

"Mama amenieleza yote. Alikutaka maneno mawili tu. Unaweza au huwezi, ndivyo alivyokuuliza. Na wewe umekwenda kununua wino mwekundu?"

Mtunzi alinyanyua mkono, akauelekeza kwenye karatasi aliyoikumbatia Fidla, kisha akaweka kidole midomoni. Mwiko. Haijapigwa bado.

Fidla hakuamini macho yake. Katika mambo yote ambayo mwanamume angeweza kujifichia, huyu amejificha nyuma ya sheria ya kundi!

"Sawa," alisema. "Nitaipiga. Na wewe utakaa mstari wa mbele, pale nitakapokuona. Ukiondoka kabla sijamaliza, usinijue tena."

*

Watu walijaa kuliko kawaida, na shangazi alihusika. Viti vya nyuma vilikuwa vya ukoo. Fidla alipopanda jukwaani aliwaona wote wamevaa nguo za kutokea, wanatabasamu, wamekuja kushuhudia posa. Mama hakumwona. Mtunzi alimwona. Mstari wa mbele, begi katikati ya miguu.

Alibandika karatasi kwenye ubao. Mkono ulisita, kisha akaiweka namna alivyoibandika mama. Donge la wino kushoto. Akaweka fidla begani, akavuta pumzi.

Alianza kwa nguvu, nyuzi mbili kwa pamoja, sauti mbili zimegandana mpaka usingejua ipi ni ipi. Ukumbi ukatulia. Kisha akaziachia. Ya juu ikapanda na mstari mwekundu, ya chini ikashuka na mweusi, na katikati yake pakawa na nafasi, kwanza ya kupita mkono, kisha ya kupita mtu. Akadonoa zile nukta. Alijua sasa ni nini. Wiki tatu alizipiga kama vicheko, na zilikuwa nyayo za mtu anayekwenda zake.

Kila mchoro ulimpiga upya. Hapa palipozungushwa viduara ndipo alipositasita. Hapa wino ulipofifia ndipo alipotaka kuacha asichore tena. Yule mtu alikuwa ameumia! Kila sentimita ya karatasi ile ilikuwa imeumia, na hakumwambia mtu. Sauti ya chini ikakonda, ikakonda, ikakatika. Iliyobaki ni ya juu, nyembamba kama uzi wa kushonea, inakwenda ukingoni.

Ikafika ukingoni. Ikatoka.

Weupe. Katika viti vya nyuma shangazi alikuwa ameshika kifua, maana hata yeye, asiyejua muziki wala michoro, alikuwa ameelewa kwamba hii si posa.

Fidla alishusha upinde. Mtunzi alikuwa ameinamisha kichwa, mkono uko kwenye mpini wa begi. Alidhani imekwisha.

Ndipo Fidla akanyoosha mkono, akaibandua karatasi mbele ya macho ya watu wote, akaigeuza juu chini, akaibandika tena. Mpiga piano kule pembeni akasema "Mungu wangu" kwa sauti. Hakuna mpigaji aliyewahi kufanya hivyo.

Akaanza upya, kutoka kwenye weupe. Safari hii hakuwa msichana wa kujizoeza mbele ya kioo. Alijua kila mstari ulikotoka, na akaurudisha huko kwa makusudi. Ule mwekundu akaupandisha kutoka nje ya karatasi, ukaingia ndani. Ule mweusi akaungoja, akaungoja mno, mpaka watu wakaanza kutazamana, ndipo ukaja. Akaisogeza, hatua kwa hatua. Mtunzi aliinua kichwa. Macho yake hayakwenda dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Fidla aliyatazama asiyasome. Alikuwa amechoka kusoma. Akaigandamiza sauti ya mwisho, nyuzi mbili kama moja, nene, mpaka kwenye donge la wino, na kupita.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Hawakujua kama ni ruhusa.

"Imepigwa," Fidla alisema kutoka jukwaani, anahema. "Mara mbili. Mwiko umekwisha. Wewe ulisema atakachosoma mpigaji ndicho kilichoandikwa, na mimi nimeisoma pande zote. Sasa niambie kwa mdomo wako ni upi. Ukishindwa, chukua begi lako uende, wala sitakukisia tena."

Mtunzi alisimama. Begi likaanguka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mtu mzima, mbele ya ukoo wa watu. Mdomo ukafunguka. Ukafungwa. Fidla alihesabu: moja, mbili, tatu. Kwenye nne alianza kugeuka.

"Nakupenda," Mtunzi alisema, kwa sauti ambayo hata jukwaani haikufika vizuri. "Nataka nikuoe."

"Sauti, baba!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango. "Huku hatujasikia!"

Watu wote wakageuka. Alikuwa mama, amesimama kwenye ujia katikati ya viti, viatu vya nyumbani miguuni, pini mbili bado ziko kwenye kola. Alikuwa analia wazi wazi.

Mtunzi akavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia.

"NAKUPENDA!" Ghala lote likaitika. "NILIOGOPA! NATAKA NIKUOE!"

Wenzake wa kundi, waliomfahamu miaka sita, hawakujua kwamba ana sauti ile. Mwenyewe aliyeitoa alisimama ameduwaa, kama imetoka kwa mtu mwingine. Wote wakamgeukia Fidla.

Naye akafungua mdomo kusema lile neno lake moja alilolifanyia mazoezi wiki tatu, la kucheka, la kunong'ona, la kujifanya anafikiri. Halikutoka. Akabaki anatikisa kichwa juu na chini, machozi yanadondokea fidla.

"Na wewe usianze!" mama akafoka, anafuta pua kwa kiganja. "Mjibu kwa mdomo!"

"Ndiyo," Fidla alisema.